Fundi wa redio, simu na friji Ziwa Mweru: ada zipi zipo kisheria, na nani ana haki ya kuzidai

Kibanda cha fundi wa vifaa vya umeme ni miongoni mwa biashara zinazoanzishwa kwa mtaji mdogo kabisa katika mwambao wa Ziwa Mweru. Pasi ya kulehemu, kipima umeme, bisibisi chache na betri inayochajiwa kwa sola vinatosha kumfungulia mtu kazi. Hata hivyo, fundi huyo mmoja anaweza kudaiwa karatasi na taasisi nne au tano, kila moja ikiwa na sheria yake na ada yake. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Puta, Kashikishi, Nchelenge na Mantapala, ugumu huongezeka kwa sababu sheria zimeandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi huelezwa kaunta kwa Kibemba. Makala haya yanaeleza ada hizo kwa mpangilio ambao fundi hukutana nazo.

Hakuna leseni moja ya fundi

Zipo nchi na majimbo ambako kazi hii ina daftari lake la pekee. Katika jimbo la California, Marekani, anayetengeneza televisheni, kompyuta au mashine za kufulia kwa malipo hujisajili katika idara maalumu ya jimbo na kulipa ada ya kila mwaka. Sheria hiyo hiyo humlazimisha kumwandikia mteja makadirio ya gharama kabla ya kugusa kifaa, na kumrudishia kipuri kilichotolewa iwapo mteja atakitaka. Ada moja, ofisi moja, na mteja hupata kitu kwa ajili yake.

Zambia haina daftari la namna hiyo. Wajibu wa fundi umetawanyika: jina la biashara lipo kwenye ofisi moja, kodi ofisi nyingine, eneo la kibanda halmashauri, na cheti cha ujuzi kwingine kabisa. Kwa hiyo mtu akifika kibandani na kudai malipo ya «leseni ya ufundi» bila kutaja taasisi wala sheria, swali la kwanza la kumuuliza ni hilo: ni leseni ya taasisi ipi, na kwa sheria namba ngapi?

Jina la biashara

Usajili wa majina ya biashara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Hataza na Kampuni, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, PACRA, chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara Namba 16 ya mwaka 2011. Wakala huo una mfumo wa kujisajili kwa mtandao, jambo lenye uzito mkubwa kwa mkazi wa Puta, kwani Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, iko zaidi ya kilomita 200 kusini.

Jina lililosajiliwa halimtenganishi fundi na deni lake. Akiunguza friji ya mteja na kushindwa kesi, mali yake binafsi inaweza kuguswa. Anayetaka ulinzi wa namna hiyo hana budi kufungua kampuni chini ya Sheria ya Kampuni Namba 10 ya mwaka 2017, njia ambayo huja na taarifa za kila mwaka na gharama ambazo kibanda kimoja hakizihitaji.

Faida ya usajili huonekana zaidi pale fedha za umma zinapogawanywa. Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo ya Uchaguzi uliongezwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na umeendelea kupanda tangu hapo. Sehemu yake huenda kwenye mikopo na ruzuku za vikundi vya vijana na wanawake, na kwenye ufadhili wa mafunzo ya ufundi. Kikundi kisicho na cheti hakina pa kuanzia.

Namba isiyo kwacha

Wanaosoma kanuni za ada nchini Zambia huchanganywa na jambo moja. Kanuni nyingi hazitaji kwacha. Hutaja «vizio vya ada», na thamani ya kizio hupangwa chini ya Sheria ya Ada na Faini, Sura ya 45. Mwaka 2015 kizio kimoja kiliwekwa kuwa ngwee 30. Kwa hesabu hiyo, kanuni iliyoandika 100 ilimaanisha kwacha 30, si kwacha 100. Thamani hiyo hubadilishwa na waziri wa fedha kwa tangazo la serikali, na kwa njia hiyo ada zote zilizoandikwa kwa vizio hupanda siku moja bila kanuni yoyote kati yake kuguswa. Fundi aliyeona namba kwenye karatasi ukutani anapaswa kuuliza kama ni kwacha au ni vizio.

Halmashauri: Puta si Nchelenge

Watu wa mwambao huzungumzia «boma» kana kwamba ni moja. Kwa ada za biashara si moja. Puta, eneo la Chifu Mkuu Puta wa Wabwile, imo katika wilaya ya Chiengi; Kashikishi imo Nchelenge. Kila halmashauri hutoza ushuru wa biashara kwa sheria ndogo zake, kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 2 ya mwaka 2019. Risiti ya Nchelenge haimlindi fundi aliyefungua tawi Puta, na ya Chiengi haina nguvu Kashikishi.

Aidha, ushuru wa biashara ni tofauti na malipo ya meza sokoni, ambayo yanatokana na Sheria ya Masoko na Vituo vya Mabasi Namba 7 ya mwaka 2007. La kwanza hulipiwa biashara, la pili hulipiwa mahali. Fundi aliye ndani ya soko anaweza kudaiwa yote mawili kihalali, na kila moja lina risiti yake.

Kodi, na suala la kioo cha simu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila fundi kujua. Biashara ndogo nchini Zambia hulipa kodi ya mauzo kwa Mamlaka ya Mapato, ZRA, baada ya kupata namba ya mlipakodi. Kiwango kilikuwa asilimia 4. Kuanzia Januari 2025 kimekuwa asilimia 5, na wakati huohuo ukomo wa biashara zinazoruhusiwa kutumia njia hii ulipandishwa kutoka kwacha 800,000 hadi milioni 5 kwa mwaka. Sehemu ya mwanzo ya mapato ya mwezi haitozwi. Taarifa na malipo hufanywa kufikia tarehe 14 ya mwezi unaofuata.

Kodi hii haiulizi faida. Huhesabiwa juu ya fedha zote zilizoingia. Chukua mfano wa simu iliyopasuka kioo. Fundi ananunua kioo kwa kwacha 200, anakibadilisha, na kumtoza mteja kwacha 250. Alichobaki nacho ni kwacha 50. Asilimia 5 ya kwacha 250 ni kwacha 12.50, yaani robo ya ujira wake. Mteja angekuja na kioo alichonunua mwenyewe dukani, fundi angepokea kwacha 50 tu, na kodi yake ingekuwa kwacha 2.50. Kazi ni ileile na jasho ni lilelile.

Hilo si ujanja wa kukwepa kodi. Ni namna mauzo yalivyo. Duka likiuza kioo, mauzo ya kioo ni ya duka. Lakini hesabu hiyo inahitaji daftari linaloonyesha nani alileta kipuri, na risiti ya duka iandikwe kwa jina la mteja. Fundi asiye na daftari hawezi kumwonyesha ofisa wa kodi tofauti hiyo. Pengine ni haki kusema kwamba kodi ya mauzo, kwa wepesi wake wote, humbana mtengenezaji kuliko mwuzaji wa huduma isiyo na vipuri, kama kinyozi.

Kuhusu vipuri vinavyovushwa kutoka Pweto, upande wa Kongo: utaratibu rahisi wa forodha wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo ni kwa ajili ya bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama. Kioo cha simu kilichotengenezwa Asia hakiwi bidhaa ya COMESA kwa sababu kimepitia Pweto. Hudaiwa ushuru wa kawaida.

Cheti cha mkono

Sheria ya Taasisi ya Uhandisi ya Zambia, Namba 17 ya mwaka 2010, inawataka wanaofanya kazi za uhandisi kujisajili, kuanzia mhandisi hadi fundi sanifu na fundi mchundo. Ukiisoma, unahisi iliandikwa kwa kuwaza migodi ya Copperbelt kuliko kibanda cha mabati kando ya ziwa, lakini maneno yake yanamfikia aliyehitimu umeme au elektroniki na anayeishi kwa kazi hiyo. Usajili hufuata sifa za elimu. Aliyejifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, kama ilivyo kawaida ya kazi hii, hupitia kwanza mitihani ya ufundi inayosimamiwa na TEVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi iliyoundwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1998.

Mpaka mwingine hauonekani kwa macho: sola. Fundi wa redio akianza kuuza paneli, kuzifunga juu ya paa na kuzitunza, ameingia katika kazi inayohitaji leseni ya Bodi ya Udhibiti wa Nishati, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nishati Namba 12 ya mwaka 2019. Tangu ukame wa mwaka 2024 ulipopunguza maji ya Kariba na mgao wa umeme kuwa mkali, kazi za sola zimekuwa kishawishi kwa kila mwenye bisibisi. Ada ya leseni hiyo na masharti yake ni vya kuulizia kabla ya kuchukua malipo ya awali ya mteja.

Mkimbizi mwenye ujuzi

Kuanzia mwaka 2017, wakimbizi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika walipokewa katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge. Kiswahili husikika humo kila siku, na ufundi wa simu na redio ni kazi inayosafiri na mtu hata anapokimbia bila mzigo.

Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kwa kuweka mashaka rasmi juu ya baadhi ya vifungu. Juu ya kifungu cha 26, ilihifadhi haki ya kupanga mahali mkimbizi ataishi. Juu ya kifungu cha 17, ilitamka kwamba haifungwi kumwondolea mkimbizi kibali cha kazi moja kwa moja, hata akitimiza masharti ya mkataba kama kukaa nchini miaka 3. Sheria ya Wakimbizi Namba 1 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1970, imebaki katika mkondo huo: kufanya kazi nje ya makazi kunahitaji kibali cha uhamiaji, na kutoka kunahitaji ruhusa ya ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi.

Matokeo yake ni kwamba karatasi mbili zisizohusiana huchanganywa. Cheti cha jina la biashara hakimpi mkimbizi haki ya kufungua kibanda Kashikishi. Vilevile, hati ya ukimbizi haimwondolei ushuru wa halmashauri wala kodi pale anapofanya biashara kihalali. Fundi aliyelipa kimoja akidhani amepata kingine hupoteza ada yake na huenda akapoteza vifaa vyake. Anayeanza aulize kwanza ofisi ya wakimbizi ndani ya makazi, kabla ya PACRA.

Hongo ya zamani na ya sasa

Katika karne ya 19, misafara iliyofika Mweru kutoka pwani ililipa «hongo» kwa watawala wa njia. Neno hilo lilimaanisha ushuru wa kupita, na lilikuwa malipo ya wazi mbele ya watu. Leo maana yake imegeuka kuwa rushwa. Kinachotenganisha maana hizo mbili kibandani ni risiti rasmi: jina la taasisi, namba ya mfululizo, kiasi, tarehe na kinacholipiwa. Malipo yaliyotumwa kwa simu kwenda namba binafsi ya ofisa hayana chochote kati ya hivyo. Ada mpya nazo haziibuki tu. Sheria ya Udhibiti wa Biashara Namba 3 ya mwaka 2014 inaitaka taasisi ya umma ifanye tathmini ya athari kabla ya kuleta kanuni mpya inayogusa biashara.

Bango ukutani, simu mezani

Mabango yanayosema fedha hazirudishwi au fundi hahusiki na chochote yamekatazwa na Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji Namba 24 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na kwa muda unaostahili. Bango halimwondolei fundi wajibu huo, humwongezea kosa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu zenyewe. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 318 cha Kanuni ya Adhabu, na simu iliyofungwa inayoletwa kufunguliwa ni jambo la kila wiki. Daftari lenye jina la aliyeileta, namba ya utambulisho wa simu, tarehe na saini ndilo litakalowaonyesha polisi kwamba fundi aliipokea kwa ajili ya kazi. Daftari hilohilo ndilo ZRA huliomba.