Kuunda na Kuendeleza: Historia ya Kompyuta ya Vipande na Istilahi Zake

Makala haya yanahusu kompyuta ya mezani ambayo mtu huweza kuinunua kipande kwa kipande, akaiunganisha, na baada ya miaka akaiongezea nguvu pasipo kuitupa. Mashine ya namna hiyo imekwisha kuenea katika ofisi, shule na nyumba zetu, lakini maneno tunayoitajia viungo vyake bado yana vurugu. Vurugu hiyo inagharimu fedha. Karani akiandika katika hati ya manunuzi kwamba ofisi inahitaji “sipiyu moja”, muuzaji mmoja ataleta kasha zima lenye kila kitu ndani yake, na mwingine ataleta kijibamba kidogo kinachotosha katika kiganja cha mkono. Wote wawili watakuwa wametimiza agizo. Kwa kweli herufi hizo tatu ni za kile kijibamba peke yake. Ila mtaani, toka Kariakoo hata Nairobi, zimehamia kwenye kasha. Ili tujue la kufanya, hapana budi kwanza tutazame mashine yenyewe imetoka wapi, kwa maana majina mengi yanayotusumbua yalizaliwa na historia wala si na sayansi.

Kompyuta za kwanza zilizoingia katika maofisi ya serikali za Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 zilikuwa mitambo mikubwa ya kujazia chumba. Haikuwapo haja ya mwananchi kujua jina la kiungo chake hata kimoja, kwani aliyeifungua alikuwa fundi wa kampuni iliyoileta. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo likalegezwa polepole katika miaka ya 1980. Basi katika miaka ileile ambayo kwingineko mashine hiyo ilikuwa inashuka kutoka ofisi kuu hadi meza ya mtu binafsi, lugha yetu haikuwa na sababu ya kuisemea. Nalitaja jambo hili kwa kuwa baadhi ya watu hupenda kusema kwamba Kiswahili kilichelewa kwa udhaifu wake. Lugha haitungi majina ya vitu ambavyo wasemaji wake hawajavishika.

Huko Marekani, katika jarida la Popular Electronics la Januari 1975, ilitangazwa mashine iliyoitwa Altair 8800. Kampuni ndogo ya MITS, ya mji wa Albuquerque, iliiuza kwa dola 397 ikiwa vipande vitupu, na mnunuzi alipaswa kuvilehemu mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, yaani nafasi isiyotosha hata aya moja ya makala haya. Haikuwa na kibodi wala kiwambo. Ilikuwa na swichi na taa tu. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja lililoishinda mitambo mikubwa yote kwa umuhimu wa baadaye: ndani yake mlikuwa na safu ya vitundu vya kuchomekea mbao za ziada, na kila kitundu kilikuwa na miguso 100 iliyopangwa kwa mpango mmoja. Yeyote aliyeujua mpango huo aliweza kutengeneza ubao wake na kuuza.

Mara wakajitokeza waliotengeneza. Nao hawakupenda kuuita mpango huo kwa jina la Altair, maana wangekuwa wanamtangaza mshindani wao. Wakauita S-100, kwa hesabu ya miguso yake. Mwaka 1983 mpango huo ukasanifishwa rasmi na chama cha wahandisi cha IEEE, wakati soko lake lilikuwa limekwisha kupungua. Msomaji alishike jambo hili, kwani litarudi: kanuni ilianzishwa na mmoja, ikapewa jina na wengine, na chombo cha usanifishaji kikafika mwishoni.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya kwanza ya mezani yenye kuitwa kompyuta binafsi, iliyobuniwa Boca Raton, Florida. Bei ya chini ilikuwa dola 1,565, bila kiwambo na bila kiendeshi cha diski, na kumbukumbu yake ilianzia kilobaiti 16. Kwa kuwa waliitengeneza kwa haraka, wabunifu wake walitumia viungo vilivyokwisha kuwapo sokoni, na ubongo wake, yaani prosesa, ulitoka kampuni ya Intel. Waliacha vitundu vitano vya mbao za ziada. Zaidi ya hayo walichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, na ndani yake wakaweka hata matini kamili ya programu ya awali, ile inayoiamsha mashine kabla ya programu nyingine zote.

Hapa pana kisa ambacho wafasiri watakipenda. Washindani waliotaka kutengeneza mashine inayolingana na ya IBM waliweza kununua viungo vilevile, lakini ile programu ya awali ilikuwa na hakimiliki. Kampuni ya Compaq iligawa watu wake makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma matini ya IBM na kuandika maelezo ya kazi inayofanywa na kila sehemu. Kundi la pili, la watu ambao hawajapata kuiona matini hiyo, lilipewa maelezo hayo tu na kuandika programu upya. Ni kana kwamba mfasiri angepewa muhtasari wa maana bila kuonyeshwa sentensi hata moja ya asili, kisha akatoa kitabu kinachofanya kazi ileile. Sheria inalinda maneno, hailindi maana. Mashine ya Compaq ilitangazwa Novemba 1982. Na kuanzia 1984 kampuni ya Phoenix ikawa inauza programu ya namna hiyo kwa yeyote aliyetaka kuunda kompyuta. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi.

IBM ilijaribu kuufunga. Mwaka 1987 ilitoa mashine za aina mpya zenye vitundu tofauti, na ikadai malipo kwa atakayeviiga. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilikataa, zikatangaza mpango wao uliopanua ule wa zamani. Ni katika mvutano huo vitundu vya zamani vya IBM vilipobatizwa jina jipya, ISA, ambalo kwa Kiswahili tungesema “muundo sanifu wa viwanda”. Kwa mara ya pili, kanuni ikapewa jina na wasio wenye nayo. Sisi tunaojua habari za mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, tumezoea kufikiri kwamba usanifu hutoka juu. Katika kompyuta ya vipande ulitoka sokoni.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa ufupi. Viwanda vya Taiwan, kama Gigabyte na MSI vilivyoanzishwa 1986 na Asus 1989, vilifanya bodi kuwa bidhaa ya kununuliwa peke yake. Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vya ATX: bodi ya milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu mahali pake, na plagi ya umeme ya namna moja. Kutokana na vipimo hivyo kasha la miaka 20 iliyopita mara nyingi hupokea bodi ya leo. Mwaka 1996 zikaja kanuni za USB, zilizotuondolea misururu ya plagi nyuma ya kasha.

Sasa tugeukie maneno. Jina la mashine yenyewe limekwisha kujadiliwa vya kutosha: “kompyuta” inatawala Tanzania, na “tarakilishi” inasikika zaidi Kenya, hasa katika vitabu vya shule. Sitaki kuurudia mjadala huo. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 ulitupa maneno mengi ya kiwamboni, kwa maana programu ndiyo iliyokuwa inatafsiriwa. Viungo vya ndani ya kasha havikupata bahati hiyo. Vimeachiwa mafundi, nao husema madabodi, ramu na pawa saplai.

Tuanze na hiyo madabodi. Wafasiri wengi wameandika “ubao mama”, wakidhani wanafuata istilahi ya kitaalamu. Lakini IBM, katika kitabu chake cha 1981, haikutumia jina la mama. Iliuita ubao wa mfumo. Umama ulikuwa lugha ya karakana, na mbao ndogo zikaitwa mabinti. Kwetu sisi “mama” katika “lugha mama” hudokeza asili na uzazi, na ubao huu hauzai chochote. Unapokea na kuunganisha. Naona “bodi kuu” inatosha, tena inakubaliana na “diski kuu” ambayo imekwisha kuzoeleka.

Neno jingine gumu ni lile la njia ambayo viungo hupitishiana taarifa. Waingereza hutumia neno lilelile la gari la abiria, lililotokana na Kilatini chenye maana ya “kwa wote”. Tukilichukua kama lilivyo tutapata “basi”, ambalo tayari ni gari, na ni kiunganishi, na ni amri ya kunyamazisha watoto. “Njia kuu” ni wazi zaidi, hata kama inamkumbusha msomaji barabara.

Kuhusu kitendo chenyewe, tunavyo vitenzi viwili vizuri. “Kuunganisha” hutumika viwandani kwa magari. “Kuunda” ni kwa mafundi wa pwani, waundao jahazi kuanzia mkuku, kisha mataruma, hadi mlingoti. Napendelea “kuunda”, kwa sababu mwundaji huchagua: hutazama kazi ya chombo kabla ya kukata ubao. Anayeunganisha hufuata orodha aliyopewa.

Tatizo kubwa ni kitenzi cha kuongezea mashine uwezo. “Kusasisha” kumekwisha kutwaliwa na programu, kwa maana ya kuleta toleo la sasa, na kuache huko. “Kuboresha” ni pana mno. Hata kupangusa vumbi ni kuboresha. “Kukweza” kulinivutia, lakini muuzaji naye hukweza bei, na hatuna haja ya kumkumbusha. “Kukuza” kungefaa, ila jaribu kuandika sifa yake: “kompyuta inayokuzika”. Msomaji atauliza ni kosa gani alilolifanya hata mashine imzike. Nimeishia kwa “kuendeleza”. Mwalimu wa Daraja la Tatu aliyesoma jioni akapanda daraja tulisema amejiendeleza. Ni mtu yuleyule, ameongezewa uwezo. “Kompyuta inayoendelezeka” ni mashine ileile iliyoachiwa nafasi.

Mfano ninaoujua ni wa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, aliyehitaji mashine ya kuandikia barua, kutunza hesabu za kikundi chake na kuonana na wajukuu walio mbali. Nilimwundia mwaka 2022. Fedha zilikuwa chache, kwa hiyo swali halikuwa kipi ni bora. Lilikuwa kipi kinaweza kungoja. Kasha lilikuwa kuukuu, la vipimo vya ATX. Prosesa ilikuwa ya bei ya chini, yenye uwezo wa michoro ndani yake, na hivyo haikuhitaji ubao wa ziada. Bodi kuu ilikuwa ya kitako cha AM4 chenye matundu 1,331, ambacho kampuni ya AMD ilikitoa 2016 na ikaendelea kukitolea prosesa mpya kwa miaka mingi. Diski ilikuwa ya kielektroniki, isiyo na sahani ya kuzunguka, kwa kuwa hiyo ndiyo huondoa uzito ambao mtumiaji wa kawaida huuona kila siku. Kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 8 katika kijiti kimoja. Kitu pekee ambacho sikukubali kupunguza ni kisambaza umeme, maana kibovu huweza kuua vingine vyote.

Alipochungulia ndani aliuliza, “Mwanangu, mbona hapa mmeacha pengo?” Nikamjibu, “Ni pa kuendelezea, shangazi.” Hakuuliza tena maana yake. Miaka miwili baadaye alipoona picha za wajukuu zinakwama, alipiga simu akasema pengo lile lijazwe. Kijiti cha pili kikachomekwa kwa dakika tano.

Kitenzi hicho, “kuchomeka”, kinastahili nafasi katika hati zetu za manunuzi pamoja na mwenzake, “kulehemu”. Mwaka 1975 kulehemu ilikuwa kazi ya mnunuzi, na kuchomeka kulikuwa ndiyo tumaini lake. Siku hizi mambo yamegeuka. Kompyuta nyingi nyembamba za kubebea, na hata baadhi ya za mezani, huja na kumbukumbu iliyolehemiwa kiwandani. Na mashine ambazo Apple ilianza kuzitoa mwishoni mwa 2020 zina kumbukumbu iliyofungwa pamoja na prosesa. Hapana pengo la kujaza. Huenda mashine hizo zikawa za kasi na za umeme kidogo, na kwa kazi fulani zikafaa kabisa. Lakini afisa anayenunua kwa fedha za umma atakuwa amenunua kiasi kimoja cha kumbukumbu kwa umri wote wa mashine. Katika safu ya “maelezo ya bidhaa”, mahali ambapo sasa huandikwa “ya kisasa”, aandike: kumbukumbu ya kuchomekwa, vitundu viwili, kimoja kitupu.