Astashahada, stashahada au shahada? Maana ya ngazi za elimu kabla ya kuchagua kozi

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha nne na yale ya kidato cha sita, wazazi na vijana wengi nchini huanza kutafuta chuo kabla ya kujiuliza ni ngazi gani ya elimu inayotolewa na chuo hicho. Huangaliwa jina la kozi, kiasi cha ada na umbali wa chuo kutoka nyumbani. Neno linalotangulia jina la kozi, yaani cheti, astashahada, stashahada au shahada, mara nyingi hupita bila kutiliwa maanani.

Hata hivyo, neno hilo ndilo linaloonyesha mhitimu ataomba kazi katika nafasi gani, na iwapo ataweza kuendelea na masomo ya juu au atalazimika kurudi nyuma. Kosa linalofanywa hapo halionekani siku ya kujiandikisha. Huonekana miaka mitatu baadaye, ada ikiwa imekwisha kulipwa.

Elimu baada ya sekondari nchini Tanzania husimamiwa na vyombo viwili vikuu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005, husimamia vyuo vikuu. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, husimamia vyuo vya kati, taasisi za ufundi na vituo vya ufundi stadi. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 na lilijulikana kama NACTE, kabla ya kuongezewa jukumu la kusimamia ufundi stadi.

Ngazi kumi

Ngazi za tuzo za ufundi ni kumi, kuanzia cheti cha fundi hadi uzamivu.

Ngazi ya kwanza hadi ya tatu ni za ufundi stadi, na tuzo zake hufahamika kwa kifupi kama NVA. Hizi ndizo wanazopata mafundi umeme, waashi, mafundi magari, washonaji na wengineo wanaosoma katika vyuo vya VETA na vituo vingine vilivyosajiliwa.

Ngazi ya nne hadi ya kumi zimo katika mfumo unaojulikana kama NTA. Ngazi ya nne ni astashahada ya awali, ya tano ni astashahada, na ya sita ni stashahada, ambayo wengi bado huiita diploma. Ngazi ya saba ni stashahada ya juu, ya nane ni shahada ya kwanza, ya tisa ni shahada ya uzamili, na ya kumi ni shahada ya uzamivu.

Kwa kawaida, kila ngazi kati ya nne na sita huchukua mwaka mmoja. Hivyo, mhitimu wa kidato cha nne anayeambiwa kwamba atasoma stashahada kwa miaka mitatu hupitia ngazi tatu, mwaka hadi mwaka. Shahada ya kwanza kwa kozi nyingi huchukua miaka mitatu, uhandisi miaka minne, na udaktari wa binadamu miaka mitano kabla ya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Majina yanayochanganya

Yapo majina yanayofanana ambayo yamewapoteza wengi. Stashahada ya kawaida iko chini ya shahada, lakini stashahada ya uzamili hutolewa kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza. Stashahada ya juu nayo ni kitu kingine kabisa, na ndiyo tuzo iliyokuwa ikitolewa na taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kabla ya nyingi kati yake kuanza kutoa shahada.

Katika ufundi stadi, mkanganyiko uko kwenye namba. Katika mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi, daraja la tatu lilikuwa la chini na daraja la kwanza lilikuwa la juu. Katika mfumo wa NVA mambo ni kinyume chake, kwa kuwa ngazi ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Mwajiri au mzazi anayesoma cheti cha fundi hana budi kutazama kwanza kimetolewa chini ya mfumo upi.

Aidha, cheti cha mahudhurio kinachotolewa mwishoni mwa kozi fupi za kompyuta, lugha au ujasiriamali hakimo katika ngazi hizo kumi. Mafunzo hayo yanaweza kuwa na manufaa makubwa kazini, lakini cheti chake pekee hakimwingizi mtu katika ngazi inayofuata.

Sifa za kuingia

Kwa kozi nyingi za astashahada, mwombaji hutakiwa awe amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne kwa alama D au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Kozi za afya zina masharti ya ziada. Kwa stashahada ya utabibu, kwa mfano, fizikia, kemia na biolojia lazima yawe miongoni mwa masomo hayo.

Mhitimu wa kidato cha sita anaweza kuingia stashahada moja kwa moja katika kozi nyingi akiwa na somo moja alilofaulu kwa alama kati ya A na E, na jingine kwa angalau S. Kwa shahada ya kwanza, aliyehitimu kuanzia mwaka 2016 hutakiwa awe na masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua nne, ambapo A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili na E moja. Kozi nyingi hutaja masomo mahususi na nyingine huhitaji pointi zaidi.

Kupita stashahada kwenda shahada

Wazazi wengi huamini kwamba aliyemaliza stashahada hujiunga na chuo kikuu moja kwa moja. Njia hiyo ipo, lakini ina masharti. Mhitimu wa stashahada huhesabiwa kuwa amefaulu kuanzia wastani wa alama, yaani GPA, wa 2.0. Lakini ili ajiunge na shahada anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Aliyepungukiwa na masomo hayo manne anaweza kutumia cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu badala yake.

Kwa kozi zenye ushindani, masharti huwa makali zaidi. Mhitimu wa stashahada ya utabibu anayetaka kusomea shahada ya udaktari wa binadamu hutakiwa, kwa mujibu wa miongozo ya udahili ya miaka ya karibuni, awe na wastani wa angalau B au GPA ya 3.5. Pia awe na angalau D ya kidato cha nne katika hisabati, fizikia, kemia, biolojia na Kiingereza. Kwa hiyo, kijana aliyepata F ya hisabati anaweza kudahiliwa katika utabibu, akafaulu vizuri kwa miaka mitatu, kisha akakwama mlangoni mwa shahada hiyo kwa sababu ya somo aliloliacha sekondari.

Njia ya kujinusuru ni kurudia somo hilo mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila kusubiri kumaliza chuo. Kwa upande wa aliyemaliza stashahada kwa wastani kati ya 2.0 na 2.9, ipo kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo akiimaliza kwa kiwango kinachotakiwa humwezesha kuomba shahada.

Mambo ya kuhakikisha

Kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wanapaswa kuhakikisha mambo manne. La kwanza ni usajili wa chuo chenyewe kwa NACTVET au TCU. La pili ni idhini ya kozi husika, kwani chuo kilichosajiliwa huweza kutangaza kozi ambayo haijaidhinishwa. La tatu ni ngazi ya tuzo itakayoandikwa kwenye cheti. La nne ni masharti ya ngazi inayofuata, yakilinganishwa na matokeo ya kidato cha nne aliyonayo kijana. Majibu ya mambo hayo hupatikana katika miongozo ya udahili inayotolewa na vyombo hivyo viwili kila mwaka.

Mhitimu wa stashahada anayeomba shahada atatakiwa pia kupata namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ijulikanayo kama AVN. Aliyesoma katika chuo au kozi isiyotambuliwa hawezi kuipata namba hiyo, hata kama cheti chake kina muhuri na saini ya mkuu wa chuo.