Jinsi Maji Yanywavyo Gesi

Elimu ya kuyanywesha maji gesi ilikuzwa na madhara ya viwanda. Katika karne ya 19, viwanda vya Uingereza vilivyofanya magadi kwa njia ya Mfaransa Leblanc vilitoa gesi ya asidi ya chumvi kwa wingi. Nayo ikapanda kwa dohani, ikashuka mashambani, ikakausha miti na kula vyuma.

Mwaka wa 1836 William Gossage, mwenye kiwanda huko Stoke Prior, alipata dawa yake. Yasimuliwa kwamba alijaza matawi ya vichaka ndani ya kinu cha upepo kilichoachwa, akayamwagia maji kutoka juu, na gesi akaiingiza kwa chini. Maji yakatambaa juu ya matawi kama utando, yakaimeza gesi. Lakini hasara ilikuwa ya majirani, si ya wenye viwanda. Kwa hiyo wengi hawakujisumbua, hata sheria ya 1863 ikawalazimisha kuzuia sehemu 95 katika kila 100 za gesi hiyo. Na asidi waliyoipata, wengi wakaitupa mitoni!

Sababu ya utando kufaa ilielezwa mwaka wa 1923 na W. G. Whitman. Alisema kwamba taabu iko mpakani, mahali gesi na maji vikutanapo: pande zote mbili pana tabaka jembamba lililotulia, na gesi haina budi kulipenya polepole. Higbie, mwaka wa 1935, alisema kwamba uso wa maji hautulii hivyo, bali hufanywa upya daima.

Ikiwa kizuizi ni chembamba hivyo, yafaa kutia ndani yake kitu chembamba zaidi. Mwaka wa 1979 Kars na wenzake walionyesha kwamba unga wa makaa ukitiwa majini huharakisha kuingia kwa gesi ya propani. Punje hufika mpakani, hujitwika gesi, kisha huitua kilindini, mfano wa wapagazi.

Mwaka wa 1995 Choi, huko Argonne katika Marekani, alitoa jina la nanofluidi kwa vimiminiko vyenye punje za kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Yeye alitafuta kupitisha joto. Wengine wakavijaribu kwa gesi. Wataalamu hawajapatana kama punje hizo huchukua gesi, au hutibua tabaka, au huzuia mapovu yasiungane. Zikizidi, hugandamana, kimiminiko huwa kizito, na faida hupungua.