Mfinyanzi Katika Darasa la Wanaoanza: Kituo cha Ufinyanzi cha Abuja na Funzo Lake kwa Walimu wa Lugha

Utangulizi

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Tunapoifundisha methali hii darasani, aghalabu tunaeleza maana yake kwa sentensi moja, kwamba fundi huuza kilicho kizima naye akabaki na kibovu, kisha tunaendelea na methali nyingine. Mfinyanzi mwenyewe hatumtazami. Katika makala haya tunakusudia kumtazama, na hasa kuangalia namna ufinyanzi ulivyofundishwa kwa wanaoanza katika kituo kimoja cha Afrika Magharibi katika karne ya 20. Tunaamini kwamba historia hiyo inamhusu kila mwalimu wa lugha anayeingia darasani akidhani kwamba wanafunzi walio mbele yake hawajui kitu.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kwa Kiganda, kufinyanga ni okubumba, mfinyanzi ni omubumbi na udongo wake ni ebbumba. Katika Kinyarwanda na Kirundi tunakuta kubumba. Mzizi huu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na maana yake ya asili ni kuupa udongo sura kwa mikono. Katika Kiswahili sauti /b/ ya mwanzo ilidondoka, tukabaki na kuumba, na humo tukapata umbo, umbile, maumbile na Muumba. Kiswahili kikaliinua neno hilo hadi kwenye kazi ya Mungu, na kazi ya chungu kikaipa neno jingine, kufinyanga. Mwanafunzi wa Uganda, Rwanda au Burundi anapolikuta neno Muumba kwa mara ya kwanza, tayari anao ufunguo wake nyumbani kwao. Je, sisi walimu humkumbusha kwamba anao?

Mwingereza na ndoto yake

Michael Cardew alizaliwa Uingereza mwaka 1901. Baada ya masomo ya Oxford alijiunga mwaka 1923 na karakana ya Bernard Leach huko St Ives, mahali palipochangia sana kuanzisha ufinyanzi wa karakana ndogo, yaani ule ambao fundi mmoja au wachache hufanya kazi yote, kuanzia kukanda udongo hadi kuchoma vyombo. Mwaka 1942 alikwenda Achimota, katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast na ambayo leo ni Ghana, kushika nafasi ya mfinyanzi mwenzake, Harry Davis. Mradi mkubwa uliojengwa Alajo ulifungwa mwaka 1945. Cardew akahamia Vume, kando ya mto Volta, akaendesha karakana ndogo hadi mwaka 1948, ndipo akarudi kwao.

Mwaka 1951 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Nigeria kuwa ofisa wa ufinyanzi, akaanzisha kituo cha mafunzo katika mji wa Abuja. Msomaji asichanganye: huu si mji mkuu wa sasa. Ni mji wa zamani ambao jina lake lilichukuliwa na mji mkuu mpya, nao leo unaitwa Suleja.

Kituo kilifundisha mambo matatu ambayo wafinyanzi wa eneo hilo hawakuwa wakiyatumia. La kwanza ni gurudumu la mfinyanzi, linalozungushwa kwa mguu. La pili ni tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Sentigredi, ilhali moto wa wazi wa kuni na nyasi hauwezi kufika huko. La tatu ni glezi, yaani mchanganyiko wa majivu, mawe yaliyosagwa na udongo, ambao hupakwa juu ya chombo kisha huyeyuka motoni na kuwa kama kioo. Cardew alitafuta malighafi hizi katika nchi yenyewe badala ya kuziagiza Ulaya, na ujuzi alioupata akauandika katika kitabu chake Pioneer Pottery kilichotoka mwaka 1969.

Mwanafunzi asiyekuwa mwanagenzi

Wanafunzi wa kwanza wa kituo walikuwa wanaume. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu miongoni mwa Wagbagyi wa eneo hilo (majirani zao waliwaita Gwari) ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Wenye ujuzi walikuwa nje ya darasa, na walioketi ndani walikuwa wanaanza sifuri.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1954, alipoingia Ladi Kwali. Alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, akajifunza kazi akiwa msichana kwa mmoja wa kina mama wa ukoo wake. Mitungi yake ilikuwa tayari na sifa. Cardew aliiona katika nyumba ya Emir wa Abuja kabla hajamwona aliyeifinyanga. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza kuandikishwa kituoni alikuwa fundi kamili.

Tuitazame kazi yake. Alichukua bonge la udongo, akalitoboa katikati kwa ngumi, akavuta kuta zake juu huku akikizunguka chombo kinyumenyume. Kisha aliongeza kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akizibana na kuzilainisha mpaka mtungi ukapanda. Mwisho aliuchora mijusi, nyoka, nge na ndege. Katika gurudumu chombo huzunguka na mfinyanzi ameketi. Katika ufundi wa Ladi Kwali mtungi ulitulia, yeye ndiye aliyezunguka.

Kituoni alijifunza gurudumu na akalimudu, lakini hakuacha mikono yake. Mitungi aliyoifinyanga kwa njia ya kwao ilipakwa glezi na kuchomwa katika tanuri jipya. Vyombo hivyo vilionyeshwa London mwaka 1958, 1959 na 1962. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984. Kituo kikapewa jina lake, na picha yake ipo katika noti ya naira 20.

Kilichopatikana na kilichopotea

Tukiishia kwenye sifa hizo tutakuwa tumesimulia nusu ya historia. Mtungi wa kienyeji uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya taratibu hadi nje, yanakauka kwa hewa, na ukaukaji huo ndio unaoyapoza yaliyobaki ndani. Kwa sababu hiyo maji ya mtungini hunyweka mchana wa jua kali. Mtungi uliopakwa glezi na kuchomwa kwa joto kubwa hautoi jasho, na kwa hiyo haupozi maji. Vilevile chungu cha kienyeji huvumilia moto wa mafiga, ilhali chombo kigumu cha tanurini hupasuka kikiwekwa motoni ghafla.

Mtungi wa Ladi Kwali ulipopata glezi, basi, ulipata mng'ao, bei na nafasi katika majumba ya makumbusho, lakini ulipoteza kazi yake jikoni. Cardew alitamani kuwatengenezea wananchi vyombo vya kila siku. Wanunuzi wakawa zaidi Wazungu na Wanigeria wenye uwezo. Wanawake wa kijijini waliendelea na mitungi yao, na mwenye kiu aliendelea kuwategemea wao.

Mwanafunzi mwingine, wa kutoka kwetu Afrika Mashariki, alilitatua jambo hili kwa njia yake. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusoma sanaa. Akiwa bado mwanafunzi alisafiri hadi Abuja katikati ya miaka ya 1970, akajifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa wanawake wa pale, akiwemo Ladi Kwali. Vyombo vilivyompa sifa duniani havina glezi wala havikutoka kwenye gurudumu. Huvijenga kwa mkono na kuvisugua mpaka vikang'aa, na moto ndio unaovipa wekundu au weusi wake. Katika kituo kilichojengwa kufundisha gurudumu, yeye alichagua kusoma kwa wale walioujua ufundi kabla kituo hakijakuwepo.

Hitimisho: funzo kwa darasa letu

Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Madarasa ya wanaoanza yatazidi kujaa. Watakuja waliookota Kiswahili sokoni, kwenye stendi za malori, kambini na mpakani. Watakuja pia wasiojua sentensi moja, lakini wenye lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili. Kutokana na historia tuliyoieleza tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kabla ya somo la kwanza, mwalimu apime kile mwanafunzi anachokijua, si kile asichokijua tu.

(b) Sarufi sanifu ifundishwe kama gurudumu lilivyofundishwa kwa Ladi Kwali, yaani iwe nyongeza juu ya ujuzi aliokuja nao mwanafunzi. Kiswahili cha sokoni kina kazi yake, kama mtungi unaotoa jasho.

(c) Udongo uwahi ungali maji. Kosa la upatanisho wa ngeli lirekebishwe mapema na kwa upole, kwa kuwa chombo kikishakauka hakikunjiki, na kikiingizwa motoni na unyevu ndani hupasuka.

(d) Wanafunzi wapelekwe kwa wafinyanzi wa mitaa yao wakakusanye majina ya vyombo, zana na hatua za kazi, kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Msamiati huo ni mchache sana katika vitabu tunavyovitumia, na wengi wanaoujua ni watu wazima ambao watoto wao hawairithi kazi hiyo.

Tutafurahi kupokea orodha hizo kutoka kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vingine, ili tuzilinganishe na kuzichapisha katika toleo lijalo.