Pat Weaver, mtu wa matangazo aliyebadilisha televisheni ya Marekani

Sylvester Weaver, ambaye watu walizoea kumwita Pat, alizaliwa Los Angeles mwaka 1908. Kisha masomo yake katika chuo cha Dartmouth, aliingia kazi ya redio na matangazo ya biashara. Alipitia ajensi ya Young & Rubicam, na alikuwa mkuu wa matangazo wa kampuni ya sigara American Tobacco. Patron wake kule, George Washington Hill, alijulikana kwa ukali, na kwa kutaka jina la sigara Lucky Strike lirudiwe redioni mpaka msikilizaji achoke.

Basi Weaver alipoingia NBC mwaka 1949 kuongoza televisheni, nguvu ya mwenye kulipa aliijua kutoka ndani. Wakati ule kampuni moja ililipia kipindi kizima, na mara nyingi kipindi kilibeba jina lake. Ajensi yake ndiyo ilichagua wachezaji na maandishi. Televisheni ilibaki kukodisha saa tu, sawa vile mwenye nyumba anakodisha chumba bila kuuliza ndani munapikwa nini. Wenye kufanya kazi kwa redio za kwetu, ambako emisyo nyingi zinalipiwa na watu wa nje, wanaelewa shida ile bila kufundishwa.

Weaver alichukua mfano wa gazeti. Anayenunua ukurasa wa tangazo hachagui habari za kurasa zingine. Kwa hiyo NBC itengeneze kipindi yenyewe, halafu iuze dakika chache chache kwa kampuni mbalimbali. Hata kampuni isiyo na uwezo wa kulipia saa nzima ikapata nafasi, na mteja mmoja akiondoka, kipindi hakifi.

Kwa njia ile alianzisha Today, tarehe 14 Januari 1952, saa za asubuhi ambazo wengi waliona hazina watazamaji. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwaka 1953 waliingiza mtoto wa sokwe, J. Fred Muggs, na watu wakaanza kuangalia! Tonight ikafuata mwezi wa tisa 1954. Tusimfanye Weaver malaika: mtangazaji wa Today, Dave Garroway, alisifu bidhaa za wateja yeye mwenyewe, kati ya habari na habari.

Redio pia hakuisahau. Mwaka 1955, wakati televisheni ilikuwa inaiondolea wasikilizaji, alianzisha Monitor: habari, muziki, mahojiano na michezo, saa nyingi mfululizo kila mwisho wa juma. Ilidumu mpaka 1975.

Lakini NBC ilikuwa mali ya RCA, na mkubwa wa RCA alikuwa David Sarnoff. Mwisho wa 1955 Weaver alipandishwa cheo cha mwenyekiti, huku kiti chake cha prezida kikipewa Robert, mtoto wa Sarnoff. Kumbe kupandishwa kule kulikuwa njia ya kumtoa. Mwaka 1956 aliondoka.

Alijaribu tena California, na televisheni ya kulipiwa na watazamaji wenyewe. Wenye majumba ya sinema walipiga kampeni kali, na Novemba 1964 wananchi wakapiga kura kuikataza. Mwaka 1966 mahakama kuu ya California iliamua kwamba katazo lile linavunja uhuru wa kusema, ila kampuni ilikuwa imekwisha kuanguka.

Weaver, baba ya mchezaji wa sinema Sigourney Weaver, alifariki Santa Barbara mwezi wa tatu 2002, akiwa na miaka 93.