Wasio na Jiko: Hoteli, Mgahawa na Genge katika Historia ya Dar es Salaam

Barabara iendayo Bagamoyo, ikishaipita Tegeta na kilima cha Wazo chenye kiwanda cha saruji, hufika Boko. Kituo kimoja cha daladala cha hapo huitwa Boko Magengeni, na makondakta hulitaja jina hilo kutwa kucha bila ya abiria yeyote kujiuliza limebeba nini. Genge lina maana mbili katika Kiswahili: ni kundi la vibarua wafanyao kazi pamoja, na ni kibanda kiuzwapo vyakula. Maana hizi mbili hazikai mbalimbali. Penye vibarua hapakosi mwanamke mwenye sufuria, mafiga matatu na benchi la mbao. Wanahistoria wa Dar es Salaam wameandika mengi juu ya bandari, reli, vyama vya siasa na majumba ya Wajerumani. Juu ya benchi lile wameandika machache, ingawa mji mzima umepata kulikalia.

Kwa mtu wa pwani, kula nje hakukuwa jambo la kujivunia. Chakula kilikuwa cha nyumbani, kililiwa katika sinia, wanaume kwao na wanawake kwao, na heshima ya nyumba ilipimwa kwa sinia hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomuusia binti yake mwaka 1858, aliiweka huduma ya mume, pamoja na chakula chake, miongoni mwa nguzo za nyumba njema. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika desturi za Waswahili kutoka Bagamoyo, mji ulio mwisho wa barabara hiyo hiyo ipitayo Boko, na maandishi yake yakachapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha ulimwengu ambamo mtu hula kwa watu wake au kwa mwenyeji aliyemkaribisha. Aliyekuwa akinunua wali wake njiani kila siku aliulizwa, kwa maneno au kwa macho, kama hana watu. Hata leo Waswahili husema kwamba aliyeoa amepata jiko. Asiye na jiko, basi, ni mtu ambaye bado hajakamilika.

Lakini Dar es Salaam ni mji uliojengwa na watu wa namna hiyo. Seyyid Majid alipoanza kujenga kasri lake kando ya kijiji cha Mzizima katikati ya miaka ya 1860, waliomfuata walikuwa wafanyabiashara, waashi, mabaharia, askari na watumwa, wengi wao wakiwa wameacha majiko yao Unguja, Hadhramaut, Kachchh au bara. Sultani alifariki mwaka 1870 na mji ukazubaa, mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891. Baada ya hapo wageni waliongezeka kila mwaka: wachukuzi, makarani, wajenzi wa reli, watumishi wa nyumba za Wazungu. Wote walikuwa na njaa saa sita mchana, na wachache walikuwa na mke karibu.

Maneno yenyewe yanatoa ushahidi. Mgahawa umetokana na gahawa, yaani kahawa kama ilivyotamkwa na Waarabu waliokuja na mabuli yao ya shaba. Palikuwa mahali pa kunywa kabla ya kuwa mahali pa kula. Hoteli tuliipata kwa Waingereza, lakini Kiswahili kiliipokea neno na kuacha kitanda. Hoteli ya Mwingereza ni mahali pa kulala; hoteli ya Mswahili ni mahali pa chai, maandazi, wali na maharage, na atakayesinzia hapo ataamshwa ampishe mwenziwe. Meza ni ya Mreno. Chapati, bajia na achari ni za Mhindi. Pilau, biriani na sambusa zina asili ya Uajemi, nazo zilipita mikono mingi kabla ya kutua pwani. Halua ni ya Mwarabu. Mahindi, ambayo asili yake ni Amerika, wazee waliyapa jina la India, kwani kila kilichotoka ng'ambo kilidhaniwa kimetoka huko. Muhogo nao ulivuka bahari ile ile ya magharibi. Mtu akiketi mezani na kuagiza chapati, mchuzi na kachumbari, amekwisha taja nusu ya bahari zote bila ya kujua.

Utawala wa kikoloni haukupenda mchanganyiko huu utoke katika maneno na kufika kwenye viti. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliugawa mji katika sehemu tatu, na Waingereza, walioutwaa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliuendeleza mgawanyo huo. Ufukweni na kaskazini ya bandari palikuwa Uzunguni. Katikati palikuwa pa biashara, Uhindini. Upande wa magharibi, baada ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ulioachwa makusudi ili utenge, palikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na jeshi la wapagazi la Waingereza. Kila sehemu ilikuwa na midomo yake. Wajerumani walikuwa na hoteli yao ya Kaiserhof, ambayo Waingereza waliibadilisha jina ikawa New Africa. Humo Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia, si akiwa amelikalia. Uhindini, Mbaniani asiyekula nyama hakuweza kuketi kwa Muismaili mwenye kababu, na Wagoa, waliokuwa Wakristo wenye vindalu na mvinyo, walikuwa na klabu yao. Kilikuwa kitu cha ajabu: mtaa mmoja, harufu kumi, na milango isiyofunguliwa ila kwa wenyewe.

Kariakoo ndiko kulikokuwa na ukarimu zaidi, si kwa sababu watu wake walikuwa wema kuliko wengine bali kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuchaguana. Wamanga na Washihiri walifungua vihoteli vya chai kando ya maduka yao, na aliyekuwa na senti alikaa. Muuza kahawa alipita na buli lake akigonganisha vikombe, na popote alipotua palikuwa baraza. Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, Mngazija na Mshihiri walikunywa katika vikombe vile vile, vikioshwa katika ndoo ile ile. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 hakikulazimika kuwafundisha watu hawa kukaa pamoja.

Na ni chakula hasa kilichowaonyesha jinsi serikali ilivyowahesabu. Katika Vita Kuu ya Pili, uhaba ulipobana, Waingereza waligawa posho za mjini kwa kufuata mbari: kilichowekwa sahanini mwa mtu kiliamuliwa na kabila aliloandikiwa. Mchele ulikuwa wa Wahindi na waliohesabiwa pamoja nao. Mwafrika alipewa unga wa mahindi. Kwa mtu wa bara aliyekulia ugali, huenda hilo halikuwa na uchungu mkubwa. Kwa mtu wa pwani, ambaye wali ni chakula cha karamu, cha maulidi na cha mgeni wa heshima, ilikuwa kuambiwa kwa maandishi kwamba yeye si yule aliyedhani kuwa. Watu wawili walioswali safu moja walirudi nyumbani na mifuko tofauti. Hakuna hotuba ya siasa iliyoweza kuifafanua dhulma kwa wepesi kama kibaba kile.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, milango ya Uzunguni ilifunguka, na mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro Hotel, fahari ya taifa jipya, ambapo waziri na mpigania uhuru wa Msumbiji waliweza kuketi meza za jirani. Lakini meza za watu wadogo zilipitia mawimbi mengine. Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baadaye sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha, viliwafanya Wahindi wengi waondoke nchini. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1974 na 1975, watu wakala unga wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo na kuupa jina la Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi ya klabu hiyo. Huo nao ni ushairi, ingawa hakuna mshairi aliyeudai. Vita na Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza kilichobaki. Mshahara wa karani haukufika tarehe kumi na tano.

Hapo ndipo aliposimama mwanamke mwenye sufuria. Hakuwa mpya, tangu enzi za Wajerumani palikuwa na wauza vitumbua na mihogo. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 aliongezeka mpaka akawa taasisi, kwenye malango ya viwanda vya Chang'ombe, karibu na bandari, Temeke, Manzese, Mwenge. Watu walimwita mama ntilie. Jina hilo, likirefushwa, ni ombi: mama, nitilie. Ni sentensi ya mtoto mwenye bakuli, akimtazama mamaye akipakua. Mwanamume mzima, mwenye ndevu na kadi ya kazi, alilisema mbele ya mwanamke asiyemjua, halafu akalipa. Aliyelitunga jina hilo, yeyote awaye, aliona upweke wa mji kuliko wataalamu wengi. Siku hizi katika maandishi rasmi huitwa mama lishe, jina safi zaidi lakini lisilo na bakuli ndani yake.

Katika sufuria hizo ndimo makabila ya Tanzania yalimojuana. Msukuma alikutana na wali wa nazi na kisamvu. Mzaramo alionja mtori wa Wachaga, akauliza ni uji au ni mchuzi. Makande ya Wapare yalihama milima yao yakawa chakula cha mafundi seremala. Ndizi za Wahaya na za Wanyakyusa, sato na dagaa wa Mwanza, migebuka ya Kigoma, vyote vilipata walaji ambao wazazi wao hawakuwahi kuvisikia. Mara nyingi mpishi mwenyewe hakuwa wa kabila la chakula alichopika. Alijifunza kwa wateja, mmoja akimwambia chumvi imezidi, mwingine akimweleza jinsi mama yake anavyofanya. Mji mwingine ungeliita jambo hili mikahawa ya mataifa mbalimbali na kulitundikia taa. Dar es Salaam ililiweka chini ya mwembe.

Dola haikumshukuru. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, waliohesabiwa kuwa hawana kazi maalumu walikamatwa mjini na kupelekwa vijijini, na wauzaji wadogo walikuwa miongoni mwa walioandamwa. Mwanamke aliyewalisha wafanyakazi wa umma tangu alfajiri alilazimika kuthibitisha kwamba anafanya kazi.

Haingekuwa haki pia kudai kwamba meza iliwaunganisha watu daima. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivunjwa jijini na waumini waliokasirishwa kuuzwa kwake karibu nao, na kwa muda serikali na viongozi wa dini walihangaika kuutuliza mji uliozoea kujisifu kwa utulivu. Nyama hiyo, ambayo wakazi waliipa jina la kitimoto, iliendelea kuliwa mahali pake, na wasioila waliendelea kuuliza, kabla ya kukaa, kikaango kimepikiwa nini. Kuishi pamoja jijini ni pamoja na swali hilo, kuulizwa kwa adabu na kujibiwa kwa ukweli.

Baada ya milango ya uchumi kulegezwa katika utawala wa Mzee Mwinyi, ulaji wa nje ulipata sura ambayo magazeti huipenda zaidi. Kisutu ilirejea kunukia mishkaki na kachori jioni. Masaki, Oysterbay na Mikocheni zilipata migahawa ya Wahabeshi, Wachina, Wataliano na Wahindi wa Kaskazini, na katika miaka ya 2000 injera ya Addis in Dar ilijulikana hata kwa wasioweza kuilipia. Urojo wa Unguja ulivuka bahari, ukaitwa mix, ukapunguziwa ukwaju. Mengi ya hayo ni mazuri na yanajitangaza yenyewe.

Boko ilikuwa mbali na hayo yote: minazi, mikorosho, machimbo ya mawe, na basi moja moja la Bagamoyo. Sensa ya mwaka 2022 ilipoikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728, Boko ilikuwa imekwisha kuwa mji. Barabara kutoka Mwenge hadi Tegeta ilikuwa imepanuliwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010, na waliokuwa wapangaji wa Kinondoni na Ilala walikwisha nunua viwanja na kujenga nyumba zenye ukuta, geti na jiko la ndani. Ajabu ni kwamba sasa wenye majiko ndio watokao jioni. Huchukua familia wakaenda kula kuku, chipsi mayai au samaki wa kupaka, mama akiwa ameketi mbele ya watu bila ya yeyote kumshangaa. Aibu ya zamani imegeuka anasa.

Aliyebaki na njaa ya zamani ni fundi. Nyumba za Boko hazijengwi na wenye nyumba; hujengwa na vijana kutoka Lindi, Dodoma na Kigoma wanaolala katika stoo za saruji, na hao hula kwa mama wa kando ya kiwanja: ugali, maharage, kipande cha samaki, maji ya jagi. Mama huyo aliuziwa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000 kilipotolewa mwishoni mwa 2018, na kikampa utulivu kwa muda. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa jijini walipoamriwa kuhama kando ya barabara, alihama pamoja na benchi lake. Nyumba hupanda huku akipika. Siku ya kupaka rangi, mwenye nyumba huja na gari, hutazama moshi ulio mbele ya geti lake jipya, na kumwomba kwa upole atafute mahali pengine. Naye humwaga maji juu ya mafiga, huyaacha yapoe, kisha huyabeba moja moja mpaka kiwanja cha pili, ambako msingi umeanza kuchimbwa.