Upara wa mkondo: istilahi kwa upara wa kawaida

Katika kata ya Kashaulili mjini Mpanda, kama kwingineko Tanzania, neno kipara limebebeshwa mambo mengi. Kijana aliyenyolewa kwa mashine mpaka ngozi ing'ae ana kipara, na mzee ambaye paji limepanda hadi utosini ana kipara pia. Mwanamke ambaye nywele za pembeni mwa paji zimeondoka baada ya miaka ya kusuka twende kilioni na rasta za kukaza husemwa nywele zake zimenyonyoka, na mtoto mwenye mapunye husemwa vivyo hivyo. Kwenye maongezi hakuna anayepotea, kwa sababu macho yanaona. Shida huanza mtu anapotafuta tiba. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi na huhitaji vidonge vya kuua fangasi. Nywele zilizovutwa na misuko huweza kurudi mvuto ukiachwa mapema, kabla ngozi haijapata kovu. Upara wa kawaida, ule unaowapata wanaume wengi na wanawake wengi pia kadiri umri unavyosogea, una chanzo tofauti na dawa tofauti. Huo ndio unaohitaji istilahi yake, nami nashauri uitwe upara wa mkondo.

Nachagua neno mkondo kwa sababu upara huu hupita njia inayojulikana. Kwa wanaume huanzia pembe za paji na utosini, kisha sehemu hizo mbili hukutana, huku nywele za kisogoni na juu ya masikio zikibaki. James Hamilton wa Marekani alichora hatua hizo, na mwaka 1975 O'Tar Norwood akazipanga upya katika ngazi saba. Kwa wanawake, Erich Ludwig wa Ujerumani alieleza mwaka 1977 kwamba nywele hupungua utosini ilhali ukingo wa mbele hubaki. Hoja yenye uzito zaidi imo ndani ya ngozi. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kwa miezi kama mitatu, kisha huanguka ili mwingine uote. Katika upara huu kipindi cha kukua hufupika mzunguko hadi mzunguko, na kishina kinachootesha unywele husinyaa, hata nywele nene zikawa vinyweleo visivyoonekana. Mwaka 2011 Luis Garza na wenzake walionyesha kwamba seli mama za nywele bado zimo katika ngozi yenye upara. Zilizopungua ni seli zinazozaliwa kutokana nazo. Kwa hiyo kusema nywele "zimekufa" ni kosa, na hata "kunyonyoka" hakutoshi, kwa sababu kinachotokea hasa ni kusinyaa kwa hatua.

Wapo watakaosema kwamba jina tunalo tayari: upara wa kurithi. Ni kweli urithi umo, lakini jina hilo linataja sababu moja na kuificha nyingine. Mwaka 1942 Hamilton aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe: hawakupata upara, hata wale waliotoka katika koo za wenye upara, ila baadhi yao waliuanza walipopewa homoni ya kiume. Kisha mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za wanaume wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa bila kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT. Nao hawakuwa na upara wa aina hii. Kutokana na maarifa hayo ilipatikana finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume. Jina "kurithi" peke yake humfanya mtu aamini kwamba hakuna la kufanya. Tena huimarisha dhana kwamba kipara hutoka kwa wajomba tu. Jeni moja yenye nguvu kweli imo katika kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha wanaume zaidi ya 52,000, ulibainisha zaidi ya sehemu 280 za jeni zinazohusika, nyingi kutoka kwa wazazi wote wawili.

Wengine watapendelea kutohoa na kusema alopesia ya androjeni, yaani ya homoni za kiume. Kwa jarida la madaktari sina pingamizi. Hata hivyo, kwa wanawake ushahidi kwamba androjeni ndiyo chanzo haujawa imara kama ulivyo kwa wanaume, hivyo jina hilo lingeahidi zaidi ya linalojulikana. Na atakayedai kwamba mkondo ni wa maji au wa umeme akumbuke kwamba shule zetu zina mikondo ya madarasa. Neno limekwisha kupanuka.

Faida ya jina hili ni ya kila siku. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake jijini Cape Town ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wana upara wa kuvutwa. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa tu kwamba ana "upara", anaweza kununua minoxidil, dawa iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu kabla ya kuidhinishwa kwa nywele mwaka 1988, huku akiendelea kukaza misuko inayomuumiza. Mwenye upara wa mkondo naye anapaswa kujua kwamba dawa hiyo husaidia kwa muda inapotumika tu, na kwamba finasteride haifai kwa mjamzito, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Tangu 1992 kituo cha Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa kanda hii, lakini Moshi ni mbali sana na Mpanda. Mgonjwa wa huku mkoani Katavi hukutana kwanza na mhudumu wa zahanati au muuza dawa. Ndiyo maana nawaomba BAKITA na walimu wa vyuo vya afya walipime jina hili, nawe msomaji, kabla ya kulipia chupa yoyote ya mafuta ya nywele, uliza kwanza upara wako ni upi.